Unatembea Raskazone Kila Alfajiri na Mizani Imegoma: Fanya Hivi

Saa 12 asubuhi Tanga inakuwa imeshaamka. Wapo wanaoifuata Barabara ya Hospitali, wanapita Bombo hadi Raskazone na kurudi. Wapo wanaozunguka viwanja vya Tangamano, na wapo wa klabu za jogingi za mitaani wanaokimbia kwa nyimbo siku ya Jumapili. Mwezi wa kwanza wa mazoezi hamu huwa kubwa. Mwezi wa pili mtu anapanda mizani, anakuta kilo ni zilezile, na raba zinaanza kukaa nyuma ya mlango.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo wa mwezi wa pili. Wengi wao si wavivu hata kidogo. Wanachokosa ni hesabu ya jinsi mwili unavyopungua, na namna ya kupima inayoweza kuwaonyesha kuwa jasho lao linafanya kazi. Chukua daftari dogo na kalamu, utavihitaji kila hatua.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kabla ya kujilaumu

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takribani kalori 7,700, kwa maana ya kalori zile zinazohesabiwa kwenye vyakula. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita moja kwenye tambarare anachoma kama kalori 40 juu ya zile ambazo angezichoma akiwa amekaa kibarazani. Tuseme anatembea kilomita 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Amechoma kalori 800 kwa wiki. Gawanya 7,700 kwa 800. Anahitaji wiki 9 na nusu kupunguza kilo moja, tena kama hakuongeza hata tonge moja kwa sababu ya njaa ya mazoezi.

Sasa mlinganishe na yule aliyejiwekea lengo la kilo 4 kwa mwezi kwa kutembea peke yake. Huyo alijiandalia kukata tamaa siku ileile aliyoweka lengo. Angetembea kwa bidii ya namna gani, hesabu isingekubali.

Lengo linalobebeka ni robo hadi nusu kilo kwa wiki, kwa mtu anayefanya mazoezi na kurekebisha sahani yake pia. Andika lengo hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Pembeni yake andika asilimia 7 ya uzito wako wa leo. Kwa mtu wa kilo 85 ni kama kilo 6. Kiasi hicho kina sababu: katika utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Ukilinganisha na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa, walioingia kwenye kisukari cha aina ya pili walipungua kwa asilimia 58. Kwa hiyo huna haja ya kurudi kwenye mwili wa siku ya harusi yako ndipo upate faida. Kilo 6 za polepole zinatosha kubadili mambo makubwa ndani ya damu.

Dakika hizo 150 ndizo pia kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, mpaka 300 kwa anayeweza, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili kwa wiki. Mwendo unaohesabika ni ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba taarabu ukamaliza beti. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo.

Hatua ya pili: pima kwa namna isiyokudanganya

Hapa ndipo moyo wa watu wengi unapovunjikia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Uzito wa mwili hupanda na kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku chache bila mafuta kuongezeka wala kupungua. Hayo ni maji. Ukila papa mkavu wa chumvi jana usiku, leo mwili umeshika maji. Mwanamke akikaribia hedhi, mwili unashika maji. Na hili ndilo linalowaonea wanaoanza: misuli isiyozoea mazoezi ikichoka inavuta maji ili ijitengeneze, na inaweka akiba ya wanga ambayo nayo hukaa na maji yake. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya mazoezi wiki tatu kwa uaminifu na mizani ikapanda.

Basi pima hivi. Mizani iwe moja, ileile, na ikae juu ya sakafu ya saruji au vigae. Ukiiweka juu ya mkeka au zulia itakusomea uongo. Pima asubuhi baada ya kwenda msalani, kabla ya kunywa kitu, ukiwa na nguo nyepesi ileile, mfano kanga moja. Andika namba bila kuijadili. Mwisho wa wiki jumlisha siku zote saba, gawanya kwa 7, na namba hiyo ndiyo uzito wako wa wiki.

Tazama mfano. Wiki ya kwanza kuanzia Jumatatu: 82.6, 83.1, 82.4, 82.9, 82.2, 82.7, 82.1. Wastani ni 82.6. Wiki ya pili: 82.3, 82.0, 82.8, 82.4, 81.9, 82.5, 82.2. Wastani ni 82.3. Mtu anayepima Jumapili tu ameona 82.1, kisha 82.2, na amehitimisha kuwa ameongezeka. Kumbe wastani wake umeshuka gramu 300 hivi. Mtu mmoja, mwili mmoja, wiki zilezile mbili: mmoja anaacha, mwingine anaendelea.

Kama huna mizani nyumbani, usihangaike kutafuta ya duka la dawa leo na ya kijana wa mtaani kesho. Mizani mbili tofauti hupishana kirahisi kilo nzima, tena wewe utakuwa umevaa, umekunywa chai na una simu mfukoni. Tumia futi ya fundi cherehani, ambayo kwa kweli ni bora kuliko mizani kwa mwenye kitambi. Simama wima, tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu na juu ya mfupa wa nyonga, na upitishe futi katikati ya sehemu hizo mbili. Toa pumzi ya kawaida, usivute tumbo, soma namba. Rudia mara tatu uchukue ya katikati. Pima kila baada ya wiki mbili. Kwa mwanamke, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 80, na huwa kubwa kikipita 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102.

Na kama kupanda mizani kila siku kunakufanya ushinde na njaa au ulie, iweke juu ya kabati. Futi inatosha.

Vitu vinavyojibu mapema kuliko mizani

Chagua viwili kati ya hivi na uviandike daftarini kila Jumamosi.

Mapigo ya moyo kabla ya kutoka kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika nzima. Mtu anayeanza akiwa na mapigo 82 akajikuta na 75 baada ya wiki nane, moyo wake sasa unasukuma damu kwa kazi ndogo zaidi. Mizani haiwezi kukwambia hilo.

Dakika za njia moja. Chagua mwanzo na mwisho usiobadilika. Wakazi wa Ngamiani wana bahati hapa, maana barabara za namba zimepangwa kama mistari ya daftari. Anza barabara ya 4, geuza barabara ya 12, angalia saa. Wiki ambayo dakika zimepungua, sogeza mahali pa kugeuza hadi ya 13, kisha ya 14. Unaona kwa macho barabara ambayo mwezi uliopita hukuifika.

Presha, kama ulishaambiwa iko juu. Pimwa zahanati au kituo cha afya mara moja kwa mwezi, ukiwa umekaa ukapumzika dakika 5. Mazoezi yanaweza kuishusha hata kabla uzito haujasogea sana. Dawa usiziache kwa kuona namba nzuri, kazi ya kuzipunguza ni ya daktari.

Mengine yako wazi: tundu la mkanda, dera lililokuwa linabana mikononi, usingizi, ngazi unazopanda bila kusimama katikati.

Hatua ya tatu: tafuta panapovuja

Ukishajua kuwa kutembea kilomita 4 kunachoma kalori 160 hivi, utaelewa kwa nini jikoni ndiko penye uamuzi. Hatusemi ule majani. Chakula cha pwani ni chakula kizuri, samaki tunao, mboga tunazo, ndimu na machungwa ya Muheza yanatufikia. Tatizo liko kwenye vitu vitatu ambavyo havionekani sahanini: sukari, mafuta na tui.

Anza na sukari kwa sababu ndiyo rahisi. Kijiko cha chai cha kufuta kina gramu 4. Kijiko cha kujaza, kile tunachotumia kweli, kinafika gramu 6. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya kujaza kila kimoja, ni gramu 54, sawa na kalori 216. Matembezi yako ya asubuhi yameshamezwa na chai, na bado hujahesabu andazi. Usiache sukari ghafla, utarudi nayo kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki. Wiki ya nne utakuwa umebaki na kimoja na ulimi umeshazoea. Ongeza iliki, tangawizi au mchaichai ili kikombe kisikose ladha. Soda na juisi za sukari ziende kwenye siku za shughuli. Juisi ya miwa nayo ni sukari, hata kama imekamuliwa mbele yako.

Mafuta yanahitaji ujanja mwingine, kwa kuwa anayepika na anayekula mara nyingi si mtu mmoja. Chukua chupa ya lita moja, bandika karatasi, andika tarehe uliyoifungua. Siku ikiisha andika tarehe tena. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina kalori zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki moja, kila mmoja amekula kama kalori 300 za mafuta peke yake kila siku. Ikienda siku 10, kila mmoja amepunguza kalori 90 hivi kwa siku bila kupunguza chakula. Njia ya kufika huko ni kupima kwa kijiko cha chakula badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja ni kalori 120. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji vijiko viwili, kitaendelea kuiva. Samaki mchome, au mpike mchuzi wa nyanya na ndimu, na wa kukaanga awe mara moja kwa wiki.

Tui ndilo gumu zaidi, kwa sababu kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kumfukuza nyumbani. Hakuna haja ya kuacha. Nyama ya nazi moja kubwa ina kalori zinazopita 1,000, na mafuta mengi hutoka kwenye tui la kwanza, lile zito. Liwekee siku yake, tuseme samaki wa kupaka wa Ijumaa. Mchicha, tembele na kunde za siku za kawaida zipikwe kwa tui la pili. Wali wa nazi uwe siku mbili kwa wiki, siku nyingine upikwe mweupe. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuweka tui zito kwenye wali na kwenye mchuzi na kwenye mboga, mlo mmoja. Chagua sufuria moja ipate tui.

Sahani yenyewe igawe kwa macho: nusu mboga na kachumbari, robo wali au ugali, robo samaki, dagaa, maharage au mayai. Kwa wanaokula sinia moja, kipimo hupotea kwa sababu kila mtu anachota kutoka kwenye mlima uleule na wa mwisho kuacha ndiye ameshiba. Waambie wenzako unachokifuatilia, kisha upakuliwe kwenye kibakuli chako ukae nao palepale mkekani. Kula pamoja hakuharibiki kwa kuwa na kibakuli.

Na sasa ile ya Jumapili. Kikundi kimekimbia, kimeimba, kimepiga picha, kisha kinaingia kwenye supu. Supu haina neno. Chapati mbili pembeni yake zinaweza kufika kalori 600, na kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilomita 15 za kutembea. Kunywa supu, kula nyama, agiza chapati moja mgawane. Njaa ya baada ya mazoezi ni ya kweli, lakini huenda sehemu yake ni kiu. Kunywa maji nusu lita, subiri dakika 20, ndipo uamue.

Hatua ya nne: panga siku ambazo hamu haitakuwepo

Hamu ya mazoezi inakuja na kuondoka, na mpango mzuri unaandikwa siku ambayo ipo kwa ajili ya siku ambayo haipo. Utafiti mmoja uliofanyika London uliwafuatilia watu wanaojenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujilazimisha, wengine siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Angalia basi mwezi wa pili unaangukia wapi. Watu wanaachia mahali palepale ambapo tabia inaanza kushika.

Andika sentensi tatu daftarini kwa mtindo huu, ukitaja mahali na saa:

"Mvua ikinyesha alfajiri, nitaruka kamba barazani dakika 10 kabla ya kuoga."

"Nikichelewa kuamka, nitashuka daladala vituo viwili kabla ya kwangu jioni."

"Mgeni akija jioni, nitamwomba tutembee hadi Raskazone tukizungumza."

Sentensi isiyo na mahali wala saa haina nguvu. "Nitajitahidi" haimwamshi mtu.

Weka pia kiwango cha siku mbaya. Siku ambayo mwili mzito, mtoto hakulala, kichwa kimejaa, fanya dakika 10 tu. Zitie alama kwenye kalenda ya ukutani kama siku kamili. Na sheria moja: usikose siku mbili mfululizo za mazoezi ulizojipangia. Siku moja ni bahati mbaya. Ya pili ikifuata, ya tatu huja yenyewe.

Mwenzi wa kutembea ni bora kuliko saa ya kengele, mradi asiwe yule anayeghairi. Mkubaliane kukutana kona fulani, msipigiane simu asubuhi, kwa sababu simu ndiyo mlango wa kuomba radhi. Raba na soksi zilale mlangoni tangu usiku. Yanaonekana mambo madogo, lakini saa 11 na nusu alfajiri ndiyo yanayoamua.

Jizawadie kwa alama za kalenda, usingoje kilo. Alama 20, nunua soksi nzuri. Alama 60, raba mpya au mtandio. Zawadi ya chakula ndiyo inayorudisha ulichokitoa.

Maneno ya watu

"Mbona kila siku uko barabarani na hupungui?" Utaulizwa, na atakayeuliza huenda akawa shangazi yako. Jibu fupi linatosha: "Presha imeshuka, shangazi, na ngazi napanda bila kuhema. Kilo zitakuja." Wapo pia wa upande wa pili, ukianza kupungua: "Shoga, umekonda, unaumwa?" Mwambie, "Siumwi, mwenzio natembea. Kesho tuongozane." Hakuna haja ya mjadala zaidi ya hapo. Usimwonyeshe kila mtu namba zako. Mtu mmoja au wawili wanaokutakia heri wanatosha.

Majira yanavyobadili mpango

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu wa pwani vinachosha mapema. Toka saa 12 na umalize saa 1 na nusu, au ngoja saa 11 jioni. Usivae sweta wala kujifunga plastiki tumboni ili utoke jasho. Jasho ni maji na chumvi, kilo uliyoipoteza inarudi na vikombe vinne vya maji, na joto la mwili likipanda sana ni hatari ya kweli. Ukisikia kizunguzungu, kichefuchefu au jasho likikatika ghafla, ingia kivulini, jimwagie maji, tafuta msaada.

Masika yanapofika, usisimame, hamia ndani. Hapa ndipo mazoezi ya misuli yanapata nafasi yake, na yanafaa mwaka mzima mara mbili kwa wiki. Dakika 20 zinatosha. Kaa kwenye kiti kigumu na uinuke bila kushika, mara 10, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Pushapu za kusimama ukisukuma ukuta, 8 hadi 12, mara tatu. Chukua madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, kila moja ni kilo 5 hivi, tembea nayo barazani kwenda na kurudi dakika mbili. Ukiona idadi hizo zimekuwa rahisi kwa wiki mbili, shusha kiti kiwe kifupi au sogeza miguu mbali na ukuta. Goti likiuma wakati wa kuinuka, angalia kama magoti yanaingia ndani. Yaelekeze upande wa vidole vya miguu. Misuli huwasaidia sana wanaopungua, kwa sababu bila kuitumia mwili huikata pamoja na mafuta.

Ramadhani wapo wanaofunga mchana na bado wanamaliza mwezi wakiwa wameongezeka. Sababu iko mezani saa ya futari: tambi za sukari, magimbi ya nazi, kachori, viazi vya karai, kisha daku nzito. Mwezi huo lengo liwe kubaki na uzito uleule. Fungua kwa tende tatu na maji, swali, ndipo ukae kwenye chakula, na kati ya vya kukaanga chagua kimoja. Tembea taratibu dakika 20 kabla ya magharibi, au baada ya tarawehe kama mwili ni dhaifu jioni.

Wastani ukiganda wiki nne

Wiki mbili za kuganda hazihesabiki. Wastani wa wiki ukisimama wiki nne kamili na kiuno nacho hakijasogea, ndipo unabadili kitu, tena kimoja tu, usubiri wiki tatu uone.

Kwanza angalia saa za baada ya mazoezi. Watu wengi hutembea alfajiri kisha wakakaa mchana kutwa na kupanda bodaboda hata kwenda dukani. Mwili uliochoka unajibana wenyewe. Toa baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, tambarare, na mtu akienda sokoni na kazini kwa pedali ameongeza mwendo bila kutafuta muda wa ziada. Pili, rudi kwenye chupa ya mafuta na kijiko cha sukari, maana vipimo hulegea kimyakimya baada ya miezi miwili. Tatu, usingizi. Anayelala kwa muda wa saa tano tu anaamka na njaa kubwa kuliko anayelala kwa saa saba, na njaa hiyo hupenda maandazi. Nne, kumbuka kuwa mwili wa kilo 76 unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa na 84. Kilichokupunguza mwanzoni sasa kinaweza kuwa kinakushikilia hapohapo, na hilo ni dalili kuwa ulipungua kweli.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani ziache. Nyingi zinaharisha, na kinachotoka ni maji na chumvi za mwili.

Wakati wa kumwona daktari

Usianze mazoezi mazito bila kupimwa kama una maradhi ya moyo, presha isiyotulia, au kisukari unachotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Mwenye kisukari wa namna hiyo atembee na pipi au sukari mfukoni, kwa sababu sukari inaweza kushuka njiani akaanza kutetemeka. Mjamzito asijipunguze uzito. Maumivu ya kifua, kuhema kusikolingana na kazi, au kuzirai: simama hapohapo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nenda pia, bila haraka lakini bila kuchelewa, kama umefuata hatua hizi miezi mitatu na wastani haujashuka kabisa. Tezi ya shingo ikifanya kazi pungufu hushikilia uzito, mara nyingi pamoja na uchovu, kusikia baridi na choo kigumu. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi na ndevu zinaota kidevuni anaweza kuwa na tatizo la homoni linalotibika. Baadhi ya dawa nazo huongeza uzito: insulini, prednisolone, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Usiikatishe yoyote mwenyewe. Uliza kama kuna mbadala.

Siku hiyo beba daftari lako. Mfungulie daktari kurasa za wastani wa wiki, kiuno, mapigo ya asubuhi na tarehe za chupa ya mafuta, na orodha ya kila dawa unayomeza, ikiwa pamoja na za mitishamba. Mgonjwa anayesema "nafanya mazoezi lakini sipungui" mara nyingi huambiwa apunguze kula, basi. Mwenye wiki 12 zilizoandikwa anampa daktari kitu cha kuchunguza.